Kubadilisha mamia ya kurasa za tovuti kwa mkupuo bila kuharibu maneno

Februari 2021 Rais John Magufuli alivunja iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha hadhi Manispaa ya Ilala, ikawa ndiyo jiji. Kwa wengi ilikuwa habari ya siku mbili. Kwa sisi tunaotunza tovuti za watu hapa mjini ilikuwa kazi: kila ukurasa wenye anwani, fomu au maelezo yanayotaja "Manispaa ya Ilala" ulipaswa kurekebishwa.

Nilikuwa natunza tovuti ya taasisi moja inayogawa vyandarua na kutoa elimu ya malaria. Kurasa 412. Ukizifungua moja moja, hata kwa dakika tatu tatu, ni zaidi ya saa ishirini za kazi. Nikaamua kuzibadilisha zote kwa mkupuo, usiku mmoja. Nilianza vizuri na "Manispaa ya Ilala". Kisha nikaona "Ilala" bado zimetapakaa, nyingine zimeandikwa kwa herufi ndogo, na usiku ulikuwa umekwenda. Nikatafuta "ilala", nikaweka tiki kwenye kisanduku cha kutojali herufi kubwa na ndogo, nikazigeuza zote kuwa "Jiji la Dar es Salaam". Nikalala.

Saa moja asubuhi simu ikaita. Alikuwa mama anayesimamia miradi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu fungua ukurasa wa Vingunguti, unisomee aya ya pili."

Nikafungua. Palipokuwa na "watoto wote walilala ndani ya chandarua" pakasomeka "watoto wote walJiji la Dar es Salaam ndani ya chandarua". Neno *walilala* lina "ilala" ndani yake. Vivyo hivyo *alilala*, *nililala*, *tulilala*. Na tovuti ya vyandarua imejaa watu waliolala. Juu ya hapo, "Wilaya ya Ilala", ambayo ilibaki kuwa wilaya kama kawaida, nilikuwa nimeifuta, na wasomaji wa Ilala Boma wakajikuta wako "Jiji la Dar es Salaam Boma".

Nilikuwa na bakapu, nikairudisha, na kabla ya saa tatu tovuti ilikuwa kama jana. Lakini tangu siku ile nina utaratibu ambao siuvunji, na ndio huu ninaouandika. Mifano ni ya WordPress kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi, ila sehemu kubwa ya mambo haya inafaa mfumo wowote wa kusimamia maudhui.

Kwanza, tambua unabadili nini

Kuna mabadiliko ya aina mbili, na kila moja ina chombo chake.

Aina ya kwanza ni sifa za ukurasa: mwandishi, kategoria, lebo, hali yake kama umechapishwa au ni rasimu, kama unaruhusu maoni, uko chini ya ukurasa upi. Hizi WordPress inazibadili yenyewe bila plagini, yaani bila programu ya nyongeza. Fungua orodha ya kurasa au machapisho, weka tiki kwenye unazotaka, chagua "Edit" kwenye menyu ya "Bulk actions", bonyeza "Apply". Kitafunguka kisanduku chenye sifa hizo. Ile usiyoigusa hubaki imeandikwa "No Change" na haibadiliki.

Kuna mambo matatu hapo. Lebo utakazoandika zinaongezwa juu ya zile zilizopo, hazizifuti za zamani. Ukibadili hali kuwa rasimu, kurasa zote ulizotia tiki zinatoweka mbele ya wasomaji papo hapo, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kugusa sehemu hiyo. Na orodha huonyesha 20 kwa wakati mmoja. Unaweza kuongeza kupitia "Screen Options" hadi 999, lakini usifanye hivyo. Fomu ile hutuma namba za kurasa zote ndani ya anwani ya kivinjari, na ukituma mamia kwa pamoja anwani inakuwa ndefu kupita kiasi, seva inaikataa. Nenda hamsini hamsini. Ni haraka vya kutosha.

Ukitupa kurasa kwa bahati mbaya, nenda kwenye kapu la takataka: zinakaa humo siku 30 kabla ya kufutwa kabisa, isipokuwa aliyejenga tovuti amebadili muda huo.

Watumiaji wa Joomla wana kitufe cha "Batch" kwenye orodha ya makala, kinachohamisha kategoria, lugha, lebo na ngazi ya ruhusa. Wa Drupal wana moduli ya Views Bulk Operations. Nadharia ni ile ile.

Aina ya pili ni maneno yaliyo ndani ya kurasa: jina la ofisi, namba ya simu, anwani, bei, kiungo. Hapa ile "Bulk actions" haikusaidii kitu. Lazima uingie kwenye kanzidata, yaani ile hifadhi ambamo WordPress huweka maandishi na mipangilio yote, wewe mwenyewe au kupitia plagini, na humo ndimo watu wanamoumia.

Bakapu, na ijaribu

WordPress huhifadhi matoleo ya zamani ya kila ukurasa, na wengi hudhani hayo yatawaokoa. Hayatakuokoa. Matoleo hutengenezwa unapohifadhi ukurasa kwa njia ya kawaida. Ukibadili maneno moja kwa moja kwenye kanzidata, hakuna toleo linalotengenezwa. Ya zamani yamefutika na mapya yamekaa mahali pake. Kitakachokurudisha nyuma ni bakapu ya kanzidata peke yake.

Kwenye phpMyAdmin, chombo cha kufungulia kanzidata ambacho hosti nyingi hukiweka ndani ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), chagua kanzidata yako, bonyeza "Export", chukua mfumo wa SQL (lugha ya amri za kanzidata), pakua faili. Kwa tovuti ya maandishi faili hili huwa dogo, halimalizi bando. Kama una njia ya kuingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka mbali, na WP-CLI (chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri hizo) ipo, ni mstari mmoja:

wp db export kabla.sql

Ishushe kwenye kompyuta yako. Bakapu iliyolala kwenye seva ile ile unayoifanyia kazi, siku seva ikigoma, imegoma nayo.

Halafu irudishe mahali fulani uone kama inafunguka. Mimi hutumia XAMPP, programu inayoifanya kompyuta yangu iwe kama seva: natengeneza kanzidata tupu, naingiza faili, nahesabu kurasa. Zikitimia 412 ndipo naendelea. Nilishapewa faili la bakapu lililokatika katikati kwa sababu intaneti ilipotea wakati wa kulipakua, na ukubwa wake kwa macho haukuonyesha shida yoyote. Na nakala hiyo ya nyumbani haipotei bure, maana ndiyo utakayoitumia kwa majaribio.

Orodha ya maneno

Hapa ndipo natumia muda mwingi, na ningekushauri nawe ufanye hivyo. Kubonyeza kitufe ni sekunde kumi. Kujua unachokibadili ni nusu siku.

Fungua jedwali tupu, hata la Excel. Safu ya kwanza andika maneno ya zamani jinsi yalivyo, ya pili maneno mapya, ya tatu yabadilishwe wapi, ya nne yasiguswe wapi. Safu ya nne ndiyo niliyoikosa usiku ule.

Chukua huo mfano wa Ilala. "Wilaya ya Ilala" isiguswe. Majina ya mitaa na vituo yasiguswe. Na habari za zamani zisiguswe, kwa sababu mbili. Moja ni ya ukweli wa kawaida: habari ya 2018 inayosema Manispaa ya Ilala imefungua zahanati ilikuwa sahihi mwaka huo, na msomaji ana haki ya kuikuta ilivyoandikwa. Ya pili ni nzito zaidi. Kabla ya 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nyingine, iliyokuwa juu ya manispaa zote. Ukibadili habari za zamani, utakuwa umechanganya vyombo viwili tofauti chini ya jina moja, na hakuna atakayeweza kuvitenganisha baadaye. Kwa hiyo kwenye safu ya tatu niliandika: kurasa za kudumu pekee, si machapisho ya habari.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu ambao lugha yao haina upatanisho wa ngeli, kwa hiyo hawana sababu ya kulitaja hili. "Manispaa ya Ilala imetangaza" ukiweka "Jiji la Dar es Salaam" inakuwa "Jiji la Dar es Salaam imetangaza". Jiji *limetangaza*. Kitenzi, kivumishi, kiwakilishi, vyote vinafuata jina, na kompyuta haijui hilo. Dawa yake ni kuchagua maneno mapya yaliyo katika ngeli moja na ya zamani. Nilipoweka "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam", sentensi zote zilisimama: halmashauri imetangaza, halmashauri yetu, halmashauri hiyo. Kama hakuna jina la ngeli ile ile, tafuta kwanza umbo la kitenzi: "Manispaa ya Ilala ime", "Manispaa ya Ilala ili", "Manispaa ya Ilala ina", kila moja na mbadala wake. Zikizidi aina kumi, ni afadhali ukazirekebisha kwa mkono.

Angalia pia rejea za mbali. Aya inaanza na jina kamili, sentensi ya tatu inasema "manispaa hiyo". Ukibadili la kwanza bila la pili, msomaji atajiuliza ni manispaa gani. Na orodha kama "manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke" hazitapatikana kabisa ukitafuta "Manispaa ya Ilala", ilhali nazo zimepitwa. Siku hizi ni jiji moja na manispaa nne, yaani Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hizo andika kwa mkono.

Mpangilio nao una maana. Kwenye tovuti ile kulikuwa na "Halmashauri ya Manispaa ya Ilala" na pia "Manispaa ya Ilala" tupu. Ukianza na fupi, ile ndefu itageuka "Halmashauri ya Halmashauri ya Jiji". Anza na maneno marefu kila mara, shuka kwenye mafupi. Na ukiona maneno mapya yana ya zamani ndani yake, kwa mfano unataka "Dar es Salaam" iwe "Jiji la Dar es Salaam", fahamu kwamba ukibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya utapata "Jiji la Jiji la".

Halafu alama ya ung'ong'o. Chang'ombe ni mfano mzuri. Kwenye kanzidata inaweza kuwa imeandikwa kwa alama iliyonyooka, lakini WordPress inapoionyesha huigeuza kuwa alama iliyopinda. Ukinakili "Chang'ombe" kutoka kwenye ukurasa na kuitafuta kwenye kanzidata, utaambiwa haipo. Wakati huo huo, aliyebandika maandishi kutoka kwenye Word anaweza kuwa ameingiza iliyopinda yenyewe. Kwa hiyo tafuta kwa sura zote mbili. Na ukiandika amri ya SQL, alama iliyonyooka hufunga maneno katikati. Lazima uirudie mara mbili, hivi: 'Chang''ombe'.

Namba za simu ni ulimwengu mwingine. Namba moja huandikwa kwa sifuri mwanzoni, kwa +255, kwa vikundi vyenye nafasi, kwa vistari. Na nyuma ya maandishi kuna kiungo: kile cha kupiga, kinachoanza na tel:, na kile cha WhatsApp, wa.me, ambacho hutaka 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Nimeona ukurasa unaoonyesha namba mpya, ukiugusa unampigia mtu aliyeacha kazi zamani. Usitafute namba nzima. Tafuta tarakimu nne za mwisho, uone zimekaa katika sura ngapi, kisha ziingize zote kwenye jedwali. Tahadhari moja: ukiandika namba kwenye Excel, ile sifuri ya mwanzo hupotea isipokuwa umeiweka safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuandika.

Jaribio kavu

Chombo chochote kinachofaa kina njia ya kujaribu bila kubadili. Plagini ya Better Search Replace huja ikiwa imetiwa tiki ya jaribio. Acha tiki hiyo ilivyo mara ya kwanza, usome idadi. Kwenye WP-CLI:

wp search-replace 'Manispaa ya Ilala' 'Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam' wp_posts --include-columns=post_content --dry-run --log

Hilo neno la mwisho, --log, ndilo lenye thamani. Linakuonyesha kila badiliko pamoja na herufi zilizolizunguka. Ningelitumia usiku ule ningeiona "wal" imesimama peke yake mbele ya Jiji.

Linganisha idadi na unachojua. Kama kurasa zenye anwani ni 96 na jaribio linasema 300, usijipe moyo kwamba ni bora zaidi; kuna kitu unakinasa usichokijua. Likisema 12, basi jina limeandikwa kwa namna nyingine: limewekwa wino mzito katikati, lina nafasi mbili, au lina ile nafasi isiyovunjika ambayo kwa macho haitofautiani na ya kawaida.

Kubadili

Fanya usiku, saa nne na kuendelea, wakati wasomaji wachache na wenye tovuti hawapo ndani wakihariri. Waambie mapema kwa ujumbe mfupi: "Leo kuanzia saa nne usiku msihifadhi kitu mpaka niwaambie." Mtu akihifadhi ukurasa aliokuwa ameufungua tangu jioni, anarudisha maneno ya zamani juu ya mapya yako.

Njia gani utumie? Inategemea maneno yamekaa wapi, na hapa inabidi nieleze kidogo.

Maandishi ya kawaida ya ukurasa yamo kwenye jedwali la wp_posts, safu ya post_content. Hayo ni maandishi matupu, unaweza kuyabadili kwa SQL bila wasiwasi. Faida ya SQL ni kwamba unaweza kusema "kurasa tu, habari usiguse", jambo ambalo plagini nyingi haziwezi. Kwanza tazama:

SELECT ID, post_title FROM wp_posts WHERE post_type = 'page' AND post_status = 'publish' AND post_content LIKE '%Manispaa ya Ilala%';

Pitia orodha kwa macho. Ikikuridhisha:

UPDATE wp_posts SET post_content = REPLACE(post_content, 'Manispaa ya Ilala', 'Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam') WHERE post_type = 'page' AND post_status = 'publish';

phpMyAdmin ina kitufe cha "Simulate query" kinachokuambia mistari mingapi itaguswa kabla hujatekeleza. Kitumie. Kumbuka pia kwamba REPLACE hutofautisha herufi kubwa na ndogo ilhali LIKE kwa kawaida haitofautishi, kwa hiyo idadi mbili zikipishana usishangae. Na majedwali yako huenda hayaanzi na wp_. Angalia kiambishi kilichotumika kwenye tovuti yako.

Lakini vile visanduku vya pembeni, sehemu za chini ya ukurasa, mipangilio ya kiolezo, hivyo vimekaa kwenye wp_options na wp_postmeta, na vingi vimehifadhiwa kwa namna ambayo PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, huhesabu herufi za kila kipande cha maandishi. Jina letu linakaa hivi:

s:17:"Manispaa ya Ilala";

Hiyo 17 ni idadi ya herufi pamoja na nafasi. "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" ina 36. Ukitumia REPLACE ya SQL hapo, maneno yatabadilika lakini 17 itabaki 17. PHP ikija kusoma inakuta hesabu haiendani, inakataa kifurushi kizima. Haikosi jina tu. Inakosa mipangilio yote iliyokuwa ndani ya kifurushi hicho. Ndipo unapoona watu wanalalamika kwamba sehemu ya chini ya tovuti imepotea yote baada ya kubadili namba ya simu. Kwa majedwali hayo tumia WP-CLI au Better Search Replace, ambazo hufungua kifurushi, hubadili, huhesabu upya, hukifunga. Usijaribu kwa SQL hata kama ni neno moja.

Tovuti iliyojengwa kwa Elementor, plagini ya kupangia kurasa, huweka kurasa zake kwenye wp_postmeta kwa mfumo mwingine wa kupanga data, JSON. Humo mkwaju (/) wa anwani ya tovuti hutanguliwa na mkwaju wa nyuma (\), kwa hiyo ukitafuta anwani ya kawaida hutaipata. Elementor ina chombo chake kwa ajili ya hilo, "Replace URL", chini ya "Tools". Kwa anwani za tovuti tumia hicho.

Kuna safu moja usiiguse kamwe: guid kwenye wp_posts. Inafanana na kiungo, lakini kazi yake ni utambulisho wa chapisho. Vyombo vizuri huiruka; kwenye WP-CLI, unapobadili majedwali yote, ongeza --skip-columns=guid.

Umeme na intaneti navyo vifikirie. Plagini hufanya kazi kupitia kivinjari chako, kipande kwa kipande; ukikatika katikati, nusu ya majedwali yamebadilika na nusu bado. Ikitokea, usiendelee palipokatikia kwa kubahatisha. Fanya jaribio kavu tena uone zimebaki ngapi, au rudisha bakapu uanze upya. Amri moja ya SQL kwenye jedwali la aina ya InnoDB haina tatizo hilo: ama inakamilika yote, ama haifanyiki kabisa. Kwenye SSH, fungua kwanza "screen" au "tmux" ili kazi iendelee kwenye seva hata kompyuta yako ikizima.

Kama unachobadili ni anwani za kurasa zenyewe, yaani ile sehemu ya mwisho ya kiungo, kila anwani ya zamani inahitaji kuelekezwa kwenye mpya kwa alama ya 301, inayokiambia kivinjari kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. WordPress hukumbuka anwani za zamani za machapisho ukizibadili kutoka ndani, lakini kwa kurasa haifanyi hivyo. Viungo vilivyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp vitavunjika vyote.

Kukagua

Futa kache kwanza, yaani nakala za muda: ya plagini, ile ya WordPress yenyewe (object cache) kwa amri ya wp cache flush, na ya Cloudflare kama unaitumia. Bila hivyo utaangalia kurasa za jana na kudhani hakuna kilichobadilika, au vibaya zaidi, utabonyeza tena.

Rudia utafutaji wa maneno ya zamani; matokeo yawe yale tu uliyoyaandika kwenye safu ya nne. Tafuta pia maneno mapya yaliyojirudia, kama "ya Halmashauri ya Halmashauri". Kisha fungua kurasa kumi na tano hivi za aina tofauti, kwenye simu, kwa sababu wasomaji wengi ndiko walipo. Soma kwa sauti. Jicho linaruka "jiji imetangaza", sikio haliruki. Gusa namba ya simu uone inampigia nani. Gusa alama ya WhatsApp. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Tuma fomu moja.

Tarehe ya mwisho ya kuhariri haibadiliki ukitumia SQL au plagini hizi, kwa hiyo ramani ya tovuti haitaziambia injini za utafutaji kwamba kuna kipya. Kurasa tano sita muhimu, kama ya mawasiliano na ya matawi, zifungue na kuzihifadhi kwa njia ya kawaida ili tarehe isogee.

Usafi

Ondoa plagini ya kubadili maneno; chombo kinachoweza kuandika upya kanzidata nzima hakifai kubaki kwenye tovuti kikisubiri mtu. Futa kabla.sql kutoka kwenye seva, hasa kama ilikaa ndani ya public_html, maana hapo yeyote anayebahatisha jina la faili anaweza kuipakua pamoja na barua pepe za watumiaji wako wote na nywila zao zilizofumbwa. Nakala ya kwenye kompyuta yako ihifadhi kwa mwezi mmoja angalau, na jedwali la maneno lihifadhi pamoja nayo, kwa sababu kuna kurasa zinazofunguliwa mara chache na makosa yake huchelewa kuonekana.

Ile tovuti ya vyandarua niliifanya upya wiki iliyofuata kwa utaratibu huu. Kurasa 96 zilibadilika, habari zote za zamani zikabaki zilivyo. Katika wiki ya tatu yule mama akanipigia tena: msomaji wa Buguruni alikuwa amekuta "manispaa hiyo" kwenye ukurasa wa ratiba ya kugawa vyandarua. Niliirekebisha kwa mkono tukiwa bado kwenye simu, nikaongeza mstari mmoja kwenye jedwali.